Maji Yaliyotoka Injini

Asubuhi ile Ahmada aliingia Wete na furaha ya mtu aliyepata gari. Pikapu nyeupe, iliyokwisha tumika, kainunua kwa dalali wa Tibirinzi ili awe anampeleka mama yake hospitali bila ya kuwaomba watu. Rangi ilikuwa imefifia, lakini injini inaitika mara moja. Kilichomtia shaka ni oili tu. Alipochomoa kijiti cha kupimia, ilitoka nyeusi, nzito kama lami.

Fundi Mmanga aliisugua baina ya vidole, akainusa, akaizunguka gari mpaka nyuma, akarudi mbele.

"Tuimwage, tutie mpya, wende zako," alisema.

"Na kuosha injini?"

"Usioshe. Kongwe hii. Ule uchafu ndio unaoziba mianya. Ukiutoa, itavuja kila upande."

Ahmada hakukubali. Kule Tanga, alikofanya kazi miaka mingi kabla ya kurejea kwao Shumba, mtu akinunua gari ya mkononi huiosha injini kwanza. Hujui mwenzako kaiweka vipi.

"Mie staki kutembea na uchafu wa mtu, fundi. Ioshe."

"Bwana Ahmada, n'sikilize kwanza..."

"Ioshe, nakwambia."

Mmanga akatia dawa ya kuoshea, akaiwasha, akaiacha ingurume chini ya bati mpaka ikapata moto. Akaizima, akaingia uvunguni, akalegeza nati ya chini. Oili ikamiminika kwenye beseni, inafuka moshi. Ikapungua. Ikawa nyembamba kama uzi. Ikakata.

Halafu yakaanza kutoka maji.

Maji safi, meupe. Ahmada alidhani rejeta imepasuka. Lakini maji ya injini iliyotoka kunguruma huwa ya moto, na Mmanga aliuvuta mkono wake kwa haraka, akaufuta kifuani.

"Baridi," alinong'ona.

Beseni likajaa, likafurika. Maji yakatambaa mpaka kwenye viatu vya Ahmada. Juu yake yalielea majani ya mkunazi, yamepondwapondwa. Na harufu ikapanda, harufu ambayo kila aliyewahi kukaa na maiti anaijua. Kafuri.

Mmanga alitoka uvunguni midomo imemkauka.

"Dalali alikwambia gari hii ilikuwa ya nani?"

"La."

"Ya Mabruki. Wa huko kwenu, yule wa chama chengine."

"Mbona hukunambia?"

"Nilitaka kukwambia. Hukunisikiliza."

Ahmada alimjua Mabruki kwa jina tu. Mabruki alihama kijiji wakati Ahmada yuko Tanga, baada ya uchaguzi, siku zile ambazo watu wa chama hiki hawaingii duka la mtu wa chama kile, hata mazikoni hawendeani.

"Mkewe, Rahma, alikufa," Mmanga alisema, sauti chini. "Hakwenda mtu. Kitanda cha kuoshea alinyimwa. Alimwosha peke yake humo nyuma ya pikapu, akampeleka kaburini kwa gari hiyo hiyo. Kabla ya hapo alikwenda kumwita mwosha. Mwosha wa wanawake wa kwenu ni nani, bwana?"

Ahmada alimjua. Mwosha wa wanawake ni Mwanapili. Mkewe.

Alirudi Shumba jua likiwa kali. Injini haikuvuja hata tone. Ilikwenda laini, kimya. Kimya mno, hata akasikia nyuma yake maji yanamiminwa kwa kata. Yakakoma. Yakamiminwa tena. Alitazama kioo. Nyuma hapana mtu. Mbao zimeroa. Akatazama tena. Mbao zote zimeroa, ila pahala pamoja palibaki pakavu, parefu, kama pamelaliwa.

Mwanapili alikuwa anapepeta mchele uani. Harufu ilimfikia kabla ya gari. Ungo ukamtoka mikononi.

"Umefanya nini?"

"Nimeosha injini. Gari ilikuwa ya Mabruki."

Mwanapili aliketi pale pale juu ya mchele.

"Alibisha hodi," alisema. "Nilimsikia. Alisema, Bi Mwanapili, njoo umstiri mwenzio. Wanaume wa chama chetu walikaa njiani, wanatizama nani atatoka. Nikatia komeo."

Ahmada alikuwa keshazima gari. Ufunguo alikuwa nao mkononi.

Injini ikawaka.

Mwanapili aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ndoo, majani ya mkunazi na kafuri. Alipanda nyuma ya pikapu. Aliosha zile mbao kama anavyoosha maiti, kuume kwanza, kisha kushoto, mkono mwepesi, macho kayainamisha. Pahala pale pakavu palikataa. Kila alipomimina, maji yalijigawa, yakapita pembeni.

"Niwie radhi, Rahma," alinong'ona. "Niwie radhi, mwanamke mwenzangu."

Akamimina maji ya mwisho, yale ya kafuri. Yakaingia.

Injini ikazima.

Gari haikuwasumbua tena. Mama yake Ahmada alipelekwa hospitali nayo mara nyingi, akapata nafuu, na Ahmada akaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Mpaka alipofariki mke wa Mzee Nyange. Nyumba ile nayo ni ya chama cha kina Mabruki, na hakuna aliyetumwa kwa Mwanapili. Alikwenda mwenyewe, mchana, watu wanamtizama. Ahmada alimfikisha kwa pikapu, akamsubiri nje. Mwanapili aliingia chumbani peke yake, akashusha pazia.

Hakukaa. Alitoka mikono imekauka.

"Nani kamwosha?"

Watoto wa marehemu waliapa. Hakuna aliyeingia. Mlango walikuwa wanaulinda wenyewe.

Walikwenda wakatazama. Maiti alikuwa amekwisha kuoshwa, hana alama ya uchafu mwilini, maji bado yanachuruzika chini ya kitanda, baridi kama yale yaliyotoka injini. Nywele zilikuwa zimesukwa kama anavyosukwa maiti wa kike, misuko mitatu; miwili imefungwa vizuri. Wa tatu ulikuwa haujamalizika. Ncha yake ilikuwa inajifungua polepole, mbele ya macho yao, kama iliyoachiwa na mkono sasa hivi.