Ini Alilorushiwa Karaman

Asubuhi kabla ya shule, Nevena alimsaidia babu yake kukamua kondoo, akabeba ndoo ya maziwa hadi jikoni kwa Bibi Kera, kisha akaenda kumwamsha mdogo wake Dobri. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi iliyomchosha. Dobri alikuwa na miaka saba, na hakukubali kutoka kitandani mpaka Karaman aingizwe ndani. Karaman alikuwa mbwa wa kondoo, mweusi, mwenye kifua cheupe na kichwa kikubwa kama cha ndama. Aliingia akitikisa mkia, akamlamba Dobri usoni, naye Dobri akamkumbatia shingoni akicheka. Halafu mtoto akakimbilia mezani na kumega mkate kwa mikono ileile.

"Nawa kwanza," Nevena alimwambia.

"Karaman ni msafi kuliko wewe," Dobri alijibu huku mdomo umejaa. "Yeye hujilamba kila siku. Wewe huoga Jumamosi tu."

Bibi Kera alicheka, na mkate ukaliwa bila mtu kunawa.

Waliishi Ovchi Dol, kijiji cha wachungaji katika milima ya Bulgaria. Wazazi wao walifanya kazi Ujerumani, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Babu Stamen. Babu alikuwa mtu wa maneno machache na kichwa kilichoinuka. Watu walitoka mjini kuja kununua jibini yake, naye aliwaambia wote neno lilelile: "Kondoo wangu ni safi. Ukipata kondoo safi kuliko hawa, nirudishie jibini."

Msimu wa baridi uliopita, daktari wa mifugo alipita nyumba kwa nyumba. Aliagiza kila mchungaji achimbe shimo lenye kifuniko kwa ajili ya kuzika matumbo na viungo vibovu vya mnyama aliyechinjwa, ili mbwa wasivile. Babu alianza kuchimba nyuma ya zizi. Shimo lilipofika magotini, sururu iligonga mwamba. Akaiegemeza ukutani, akaingia ndani kunywa chai. Daktari wa mifugo alipopiga simu kuuliza, Babu alisema shimo liko tayari. Tangu siku hiyo kuku walilitumia kuogea vumbi.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwezi wa Mei, ambapo kila nyumba huoka mwanakondoo. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi, Babu alichinja pia kondoo jike mzee. Alipompasua, Nevena aliliona ini lake. Lilikuwa limejaa vifuko vyeupe vyenye maji, vingine vidogo kama mbegu za zabibu, kimoja kikubwa kama yai.

"Hili halifai kwa watu," Babu alisema, akamkabidhi. "Mpe mbwa."

Ndivyo walivyofanya siku zote. Ini zima lilikwenda jikoni, ini lenye vifuko lilikwenda kwa mbwa. Nevena alilirusha juu kwa nguvu zake zote. Karaman aliruka, akalidaka hewani, akalimeza kwa mara mbili. Dobri akapiga makofi.

"Tena, Dada. Mrushie tena."

Mchana, vijana walifunga bembea kwenye mti wa mwaloni karibu na kanisa. Huko Ovchi Dol, anayebembea siku hiyo huaminiwa kuwa atakuwa na afya mwaka mzima, na akishuka hupimwa uzito kwenye mizani ya kuning'iniza. Mpimaji alikuwa jirani yao Gancho, mtu asiyejua kunyamaza.

"Huyu mtoto anakula nini, upepo?" Gancho alisema alipomning'iniza Dobri. "Tumbo la meya, miguu ya kuku. Mleteni na mbwa wake tuwapime pamoja, labda mizani itashtuka."

Watu walicheka. Dobri alicheka pia, kisha akakimbilia bembea kwa zamu ya pili. Hakungoja isimame. Ubao ulirudi kwa kasi, ukamgonga chini ya mbavu za upande wa kulia, naye akaanguka chali kwenye majani.

Nevena alidhani angelia. Hakulia. Alikaa ameshika tumbo, uso umekuwa mweupe kama jibini. Kisha, mbele ya macho yao, mabaka mekundu yaliyovimba yakaanza kumtoka shingoni. Yakashuka kifuani, yakaenea tumboni na mapajani, yakaungana kama maji yaliyomwagika sakafuni. Midomo yake ikavimba.

"Amelalia majani yanayowasha," mwanamke mmoja alisema.

"Majani gani hufanya hivi?" Bibi Kera alisema, akampaka mtindi mgongoni kama alivyokuwa akifanya kila Dobri alipotokwa na vipele, kwa sababu tangu majira ya baridi vipele vilikuwa vikija na kuondoka. Safari hii mtindi haukusaidia kitu.

"Dada," Dobri alinong'ona, "koo linabana."

Gancho aliacha mzaha. Alimbeba mtoto hadi kwenye gari lake, Babu na Nevena wakaingia nyuma, na gari likashuka mlimani kwa kasi.

Katika hospitali ya mkoa walipokelewa na daktari wa upasuaji aliyeitwa Paskaleva, mwanamke mrefu aliyezungumza taratibu. Dobri alidungwa sindano, akawekewa hewa ya kupumulia, na polepole mabaka yakafifia. Lakini maumivu ya tumbo hayakuondoka. Daktari akampaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa cha ultrasaundi. Kwenye kioo, katikati ya ini la mtoto, palionekana duara jeusi kubwa kama chungwa.

Nevena alikitazama kioo. Alikuwa amekwisha kuona kitu kama kile, asubuhi ileile.

"Huu ni mfuko wa maji," Daktari Paskaleva alisema. "Unaweza kuwa jipu. Unaweza kuwa kitu alichozaliwa nacho. Mzee, nitakuuliza swali ninalomuuliza kila mtu kutoka milimani. Mnafuga kondoo na mbwa?"

"Tunafuga."

"Mbwa hula viungo vibichi vya kondoo?"

Gancho alikuwa amesimama mlangoni. Wauguzi wawili walikuwa wakisikiliza. Babu Stamen aliinua kichwa.

"Mbwa wangu hula mkate na maji ya jibini. Viungo huzikwa. Tuna shimo."

"Una hakika?"

"Mimi si mtu wa kuulizwa mara mbili, Daktari."

Daktari alimgeukia muuguzi. "Kama ni hivyo, andaa sindano ndefu. Nitauvuta maji huo mfuko sasa hivi kabla haujapasuka." Kisha akaongeza, akivaa glavu, "Afadhali si tegu, mnyoo wa mbwa. Mfuko wa tegu ukiuchoma hivihivi, maji yake yakivujia ndani, mtoto anaweza kufia hapa mezani."

Nevena alimtazama babu yake. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Mdomo wake ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena, wala hakuna sauti iliyotoka. Mzee ambaye neno lake halikuwahi kupingwa kijijini alisimama pale kama mtu aliyesahau kusema, na muuguzi alikuwa tayari anaichana karatasi ya sindano.

Kumpinga babu mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo Nevena hakuwahi hata kuliota. Akasogea karibu na Dobri.

"Daktari, usimchome. Mbwa anakula. Leo nimemrushia ini lenye vifuko. Hatuna shimo."

Gancho aliinamisha macho. Daktari akaushika mkono wa muuguzi, kisha akamtazama Babu.

"Mtoto anasema kweli," Babu Stamen alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno kwa kifua kile. "Mimi ndiye niliyedanganya."

"Ondoa sindano," Daktari Paskaleva alimwambia muuguzi. "Na mabaka yale sasa nayaelewa. Bembea ilipomgonga, mfuko ulivuja kidogo, na mwili ukashtuka. Tunakwenda chumba cha upasuaji, na tunakwenda tukijua tunachokishika."

Walisubiri kwenye benchi la korido. Babu hakumgusa Nevena wala hakumtazama, na Nevena alidhani amemkasirikia. Baadaye aliona machozi yakipita kwenye ndevu zake bila yeye kuyafuta.

Daktari alipotoka, alikuwa na chupa ya kioo. Ndani yake palielea ngozi nyeupe, nyororo, iliyokunjamana kama ute wa yai lililochemshwa.

"Yuko hai, na ataendelea kuwa hai," alisema kwanza. "Tulilizungushia ini vitambaa vilivyoloweshwa maji makali ya chumvi, kwa sababu chumvi huua vilivyomo ndani, ndipo tukaufungua mfuko. Atakunywa dawa kwa miezi kadhaa. Njooni karibu, muone."

Nevena alisogea, akainama juu ya chupa.

"Hiki kimekaa ndani yake kwa miaka," Daktari alisema. "Kondoo ana vifuko hivi kwenye ini. Mbwa akila ini hilo, minyoo inaota tumboni mwake, mayai yake yanatoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya. Hayaonekani kwa macho. Mtoto anamkumbatia mbwa, anakula bila kunawa. Basi. Kesho nitampima Nevena, na wewe, Mzee, na bibi pia."

Hakuna mwingine aliyepatikana na mfuko. Lakini waliporudi kijijini, Babu alipita moja kwa moja hadi ukutani na kuiteremsha bunduki ya kuwindia. Karaman, aliyekuwa amelala kizingitini, alitikisa mkia alipomwona.

"Babu, unakwenda wapi na hiyo bunduki?"

"Mbwa huyu amemla mjukuu wangu akiwa hai. Toka njiani."

Nevena alikaa chini, akaweka mkono begani mwa mbwa. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa hospitalini.

"Aliyemrushia ini ni mimi," alisema. "Na aliyenipa ini ni wewe. Utatupiga risasi sote?"

Babu aliwatazama wote wawili. Kisha akakaa kwenye ngazi, bunduki magotini, akatoa risasi, akazitia mfukoni.

"Kaoshe mikono," alisema. "Kwa sabuni. Halafu mpigie simu daktari wa mifugo. Mwambie Stamen alimdanganya, na kwamba mbwa anahitaji dawa ya minyoo."

Kesho yake kijiji kizima kilisikia sururu ikigonga mwamba. Babu alipiga tangu alfajiri, shati limelowa, akikataa kusaidiwa. Gancho alikuja kuegemea uzio.

"Stamen, unachimba kisima au kaburi lako?"

"Nachimba shimo nililosema nimelichimba," Babu alijibu bila kuacha. "Na wewe, Gancho, lako lina kina gani?"

Gancho alikuna shingo. Jioni hiyo sururu ya pili ilisikika kutoka nyumbani kwake.

Vuli ilipofika, Dobri alikuwa amenenepa. Aliwaonyesha wenzake shuleni kovu lake mpaka wakalichoka. Karaman alikuwa akipewa dawa kila daktari wa mifugo alipopita, na hakuruhusiwa tena kuingia chumbani. Siku ya Mtakatifu Dimitar, mwezi wa Oktoba, Babu alichinja kondoo mzee, na ini lake, kama lile la kwanza, lilikuwa na vifuko.

Karaman alikaa mbele ya Nevena, masikio yamesimama, akingoja kitu kirushwe, huku Dobri akitazama kutoka kando. Nevena alilibeba ini kwenye ndoo, akalitupa shimoni, akamwagia chokaa, na Babu akashusha kifuniko kizito. Mbwa alitazama kifuniko, akamtazama Nevena, akaguna.

"Ananichukia," Nevena alisema.

"Hata mimi nilidhani nakuchukia, kule hospitalini, kwa muda wa pumzi moja," Babu alisema. Alichukua mfupa uliochemshwa na Bibi Kera, akamtupia mbwa. "Sikilizeni, nyote wawili. Nilijenga jina langu kwa miaka mingi, nikaliona ni kubwa kuliko swali la daktari. Daktari hawezi kumtibu mtu kwa uongo. Akiuliza, mwambieni kilichopo, hata kama kinawaaibisha, hata kama mkubwa wenu amesema vingine. Jina langu ningeliosha baadaye. Dobri nisingempata tena."

Dobri alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuelekea mkate uliokuwa juu ya meza ya uani. Akausimamisha hewani, akamtazama dada yake, kisha akaenda kwenye ndoo ya maji na kuchukua sabuni.