Siku Tatu Nizwa

Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya Ibra, wakati Shukriya alipovuka uchochoro kwenda kwa jirani yake kuazima sanduku. Oktoba ya mwaka wa themanini na tatu ilikuwa ukingoni, na joto lilikuwa limevunjika wiki ile ile. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili mtu aliweza kupita ubavuni mwa ukuta bila ya ukuta kumchoma bega.

"Hodi, Bi Mahfoudha. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sanduku la nini tena? Mnahama?"

"Hatuhami. Nadhir ananipeleka matembezi. Siku tatu, mimi na yeye tu."

Bi Mahfoudha alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Alikuwa mwanamke wa Malindi, Unguja, aliyekuja Oman na wanawe mwaka wa sabini na mbili, na hakuna ndoa ya Wazanzibari pale Ibra asiyoijua mwanzo wake. "Ya salaam! Mapenzi hayo! Anakupeleka wapi? Maskati? Sur kwa dada yake?"

"Nizwa."

Kicheko kikakatika.

"Nizwa," alirudia Bi Mahfoudha, polepole. "Tena?"

Shukriya alijua kwamba mumewe aliwahi kuoa kabla yake. Alijua jina la marehemu, Turkiya, na kwamba alikufa kwa homa mwaka wa sabini na sita. Zaidi ya hapo hakuambiwa, wala hakuuliza.

"Alimpeleka yule maskini, msimu kama huu," Bi Mahfoudha alisema kwa sauti ya chini. "Hawajatimiza hata miezi minne ya ndoa. Wamerudi, siku ya tatu akafa. Mimi ni mmoja wa waliomwosha, Shukriya. Na mpaka leo... sijui nilimwosha nani."

"Unakusudia nini?"

"Wenyeji wanawaita mughayab. Waliofichwa. Mtu hufa machoni mwenu, mkamlilia, mkamzika. Kumbe mlichozika ni gogo la mtende, na mwenyewe yuko kwa mchawi, anamchotea maji na kumchungia mbuzi. Kala chakula chake, basi khalas, ni wake." Aliishika mikono ya Shukriya. "Usende, mwanangu."

Shukriya aliitazama ile mikono. Ramadhani iliyopita mimba yake ya tatu ilikuwa imeharibika, na tangu hapo kitu ndani yake kilizimika. Siku moja maji ya birika yalimmwagikia mkononi, akakaa akaitazama ngozi inavyovimba kama anautazama mkono wa mtu mwengine. Kukataa safari kulitaka nguvu. Kwenda hakukutaka kitu.

"Niazime sanduku, Bi Mahfoudha," alisema. "Nitarudi Jumamosi."

Nyumbani, Nadhir alikuwa mezani na karatasi yake. Alikuwa karani wa idara ya maji, mtu wa maneno machache, na kwa miaka sita ya ndoa yao hakuwahi kumpeleka mkewe hata Al Qabil kula tende mpya. Sasa wiki mbili nzima alikuwa hana jambo jengine. Alisoma gazetini, alisema, kwamba Wazungu majani ya miti yao yanapopukutika, mke na mume huchukuana wakenda mji mwengine, hawachukui hata mtoto. Karatasini aliandika kila kitu kwa hati nzuri ya ofisini. Jumatano, kuondoka saa nane baada ya kazi. Alkhamisi, ngome na soko, halwa, pete ya fedha. Ijumaa, soko la mbuzi asubuhi, mchana Tanuf kutazama maji. Nyumba ya kukodi kwenye mitende, ya mzee anayeitwa Marhoun.

"Umefurahi?" alimuuliza.

"Nimefurahi," alisema Shukriya.

Karatasi ilikuwa ya manjano pembeni. Wino wa tarehe ulikuwa mpya. Wino wa mengine yote ulikuwa umefifia.

*

Walifika Nizwa Jumatano jua likiwa jekundu, Datsun yao imejaa vumbi. Nyumba ilikuwa ya udongo, mwisho wa njia, mitende imeizunguka pande tatu. Mzee Marhoun alisimama mlangoni na fimbo yake, ndevu safi, kilemba safi. Hakumsalimia Shukriya. Alimtazama, tangu juu mpaka chini.

"Huyu ndiye?" alimuuliza Nadhir kwa Kiarabu.

"Ndiye."

Mzee alitabasamu. "Huyu keshafika nusu ya njia."

Shukriya alilisikia neno lile, akalipeleka ndani pamoja na sanduku.

Baada ya sala ya magharibi mlango wa chumba ulisukumwa. Mwanamke aliingia na sinia ya mkate na asali. Hakupiga hodi. Miguu yake haikulia sakafuni. Kilichotangulia ni harufu... si ubani, si udi. Karafuu maiti. Ile wanayomtia maiti kwenye sanda.

Mwanamke aliweka sinia chini, akasimama. Hakupepesa macho. Shukriya alikaa akingoja kifua cha yule mwanamke kipande na kushuka.

Hakikupanda.

Nadhir alikuwa ameuelekeza uso ukutani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mtumishi wa nyumba huyo," alisema baada ya mwanamke kutoka. "Ni bubu. Kula, mke wangu."

Alkhamisi Nadhir alikuwa mume ambaye Shukriya hajapata kumwona. Alimshika mkono kwenye ngazi za ngome. Alimnunulia pete, akamvisha mwenyewe, na sonara akacheka akawaombea dua. Alimlisha halwa ya moto kwa kidole chake. Mwanamke mwengine angelia kwa furaha. Shukriya alitafuna. Aliona kwamba kila mara mumewe huinua macho kulitazama jua lilipofika.

Ijumaa alasiri, wamesharudi kutoka Tanuf, alipanda darini kuanua mtandio wake. Chini, kwenye mfereji wa falaji, sauti mbili zilikuwa zikinong'ona.

"Ulisema miaka saba. Imetimia."

"Imetimia," ilijibu sauti ya Marhoun. "Na sharti ni lile lile. Mmoja aingie, mmoja atoke."

"Hatoumia?"

"Yule wa kwanza aliumia?"

Maji yalipita.

"Sikujua ile mara ya kwanza," alisema Nadhir, na sauti yake ikapasuka. "Nilikuja kutembea tu na mke wangu. Nilikuja kutembea tu, ya Marhoun."

"Na leo unajua. Kawa lenye uzi mwekundu ndilo la bibie. Akila akamaliza, nitamleta wako mlangoni."

Shukriya alikaa kwenye udongo wa dari. Alipiga hesabu. Turkiya alikufa mwaka wa sabini na sita. Yeye aliposwa mwaka uliofuata. Nadhir hakumtaka kwa sura yake, wala kwa ukoo, wala kwa watoto. Alimweka nyumbani miaka sita, kama mtu anavyoweka mbuzi wa Idi.

Alingoja hasira ije. Haikuja. Alingoja hofu. Nayo haikuja. Angeweza kutoka akenda barabarani, akasimamisha gari lolote. Alilifikiria hilo kwa utulivu, kisha akashuka ngazi, kwa sababu mtandio ulikuwa umeshakauka.

*

Magharibi. Muadhini wa mbali alikuwa akimalizia. Nadhir alitoka kutia udhu mferejini.

Mlango ukasukumwa.

Harufu ile.

Mwanamke aliinama akaweka sinia. Mabakuli mawili ya bokoboko yakitoa mvuke, yamefunikwa makawa ya ukindu. Kawa moja lilishonwa uzi mwekundu pembeni. Safari hii hakusimama kando. Alipiga magoti mbele ya Shukriya, akausogeza uso wake karibu. Uso wa msichana wa miaka ishirini. Usingemwongezea hata siku moja.

Midomo ilifunguka. Sauti ilitoka kwa tabu, kavu, na ilikuwa ya Unguja kabisa, ya watoto waliolelewa Mji Mkongwe.

"Usile..."

Shukriya hakusogea.

"Usile, mke mwenzangu."

Kisha akainuka akatoka, na mitende nje haikutikisika.

Shukriya alibaki na sinia. Alisikia maji mferejini, mume wake akisukutua. Alifunua makawa yote mawili. Vyakula vilifanana. Samli ile ile, mdalasini ule ule. Alifikiria: kama si kitu, basi si kitu. Kama ni kitu, si mimi niliyekileta. Alibadilisha mabakuli, hili huku, lile kule, akayarudisha makawa kama yalivyokuwa, lenye uzi mwekundu mbele yake.

Nadhir aliingia, akaswali haraka, akakaa. Jicho lake lilitafuta uzi mwekundu, likaupata, likatulia.

"Kula, Shukriya. Bokoboko likipoa halina ladha."

"Bismillahi."

Alikula. Naye Nadhir alikula, macho hayatoki kwenye bakuli la mkewe. Alimhesabia kila tonge. Shukriya alipokomba la mwisho, Nadhir alikuwa ameshamaliza lake bila ya kujijua, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini?"

Nadhir alikuwa ameugeukia mlango.

Turkiya alikuwa amesimama pale. Marhoun alikuwa nyuma yake, kivuli tu na fimbo.

"Turkiya," alisema Nadhir. Alilitamka kwa upole ambao Shukriya hakuwahi kuusikia katika nyumba yake mwenyewe. "Turkiya, roho yangu. Njoo. Twende kwetu."

Turkiya alimtazama. Kisha akalitazama bakuli tupu mbele ya Nadhir. Akanyanyua mikono miwili, taratibu, akafunika uso.

Na nyuma yake yule mzee alianza kucheka.

Alicheka kwa sauti ya chini, kama mtu aliyenunua kitu akapewa nyongeza, na mwenye kudai kawa wake. Akaugonga mlango kwa fimbo mara moja. Wote wawili wakaondoka.

Nadhir alikaa mpaka isha akiwasubiri. Hawakurudi.

Jumamosi alfajiri waliondoka. Walipita Bidbid. Hapo Nadhir alisimamisha gari kando ya barabara. Alikuwa na jasho, na hewa ilikuwa baridi.

"Shukriya. Ulikula lote?"

"Bakuli langu nimelimaliza. Si uliniona?"

Aliutazama usukani kwa muda mrefu. Shukriya aliona anavyoelewa. Ilimpanda kidogo kidogo, kuanzia kwenye vidole. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alitia gia tu, akaendelea kuendesha.

Jumatatu alasiri alikufa. Daktari alisema ni moyo. Waliomwosha walisema mwili wake ulikuwa mzito kupita kiasi, watu wanne walipokezana kuunyanyua, na ngozi yake kavu hata baada ya maji. Walizika kabla ya magharibi.

*

Siku ya thelathini ya eda, dada yake Nadhir, Aliya, alikuja kutoka Sur pamoja na mdogo wao Sleyum. Aliya alikuwa mwanamke mkubwa, mkali, mwalimu wa skuli, na hajapata kuamini mambo ya kale. Siku ile alikaa kwenye mkeka, mikono imemlegea.

"Mtu wetu wa Dima wa Tayyin alipita Nizwa wiki iliyopita," alisema. "Mtu mzima, hana uongo. Alfajiri, njia ya Tanuf, kamwona Nadhir. Ana mzigo wa majani ya mbuzi kichwani, anamfuata mzee mmoja. Kamwita kwa jina. Nadhir kageuka, kamtazama... kama ukuta. Kenda zake."

Sleyum, kijana wa miaka ishirini na tano, alikuwa akilia waziwazi.

"Wanasema kabla ya siku arubaini mtu hurudishwa," aliendelea Aliya. "Tulifukue kaburi. Tukikuta mtu, tutatubu. Tukikuta gogo, tutakwenda kumchukua kwa nguvu, ukoo mzima. Lakini wazee wanataka neno la mjane. Wewe ukisema ndiyo, tunaanza leo. Sema ndiyo, wifi yangu."

Shukriya alikuwa na nguo zake nyeupe za eda. Aliwatazama wote wawili. Lilikuwa neno moja tu.

"Mwacheni," alisema.

"Nini?"

"Mwacheni alipo. Hayuko peke yake."

Sleyum aliacha kulia. Mbuzi wa jirani alilia, akanyamaza naye.

"Shukriya," alisema Aliya, sasa kwa sauti nyengine kabisa. "Yule mtu alisema kulikuwa na mwanamke nyuma yake. Lakini mimi hilo sikukwambia."

Shukriya alimtilia kahawa.

"Sikumwambia mtu yeyote. Umejuaje?"

Alimsogezea kikombe.

Aliya alijitanda baibui lake, akainuka akimwangalia, akatoka kinyumenyume mpaka kizingitini, mdogo wake nyuma yake. Kikombe chake cha kahawa kilibaki mkekani, kimejaa. Siku arubaini zilipita, maneno ya Aliya yakasambaa Ibra nzima, na kaburi halikufukuliwa.

Shukriya hakuhama Ibra. Alipata kazi ya kufundisha watoto Kurani, akaishi katika nyumba ile ile. Na wanawake humjia, siku za Idi, siku za msiba. Bi Mahfoudha pia huja. Hukaa, huzungumza, hucheka. Shukriya huwatilia kahawa na kuwawekea tende, mbele ya kila mmoja, kwa mkono wake.

Wanamwambia ahsante, Mungu akuzidishie.

Hakuna anayegusa.