Makochi ya Karani

Kabla muwa haujakatwa, shamba huchomwa moto ili majani makavu yaondoke. Mkataji hurudi nyumbani mweusi tii. Kulikuwa na mtu aliyekata miwa kwa miaka ishirini na miwili, na weusi huo ukagoma kumtoka shingoni. Watu wakamwita Masizi. Mkewe naye alimwita hivyo, siku akiwa na furaha.

Masizi aliishi kambi ya wafanyakazi, mstari wa mwisho, chumba cha nne. Kambi ilijengwa mwaka wa mafuriko. Wenye shamba waliahidi kuweka madirisha. Madirisha hayo mpaka leo yako njiani.

Kila jioni Masizi alinawa kwenye karai, na binti yake alisoma. Alisoma chochote chenye herufi. Alisoma kiberiti. Alisoma mfuko wa mbolea. Alisoma gazeti lililofungiwa sabuni, habari za mwaka juzi, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kambi nzima ilimwita Mtangazaji.

Masizi hakujua kusoma. Binti alipoanza, yeye aliacha kunawa, mikono ikabaki majini. Herufi zile zilikuwa pale siku zote, kimya. Mtoto akizitazama tu, zinasema! Alitamani kumuuliza inakuwaje, lakini baba mzima ataanzaje?

Shule ya kambi iliishia darasa la saba. Mtangazaji alifaulu vizuri. Sekondari ilikuwa mbali, ya bweni, na mshahara wa Masizi haukufika huko hata kwa kutambaa. Watoto waliobaki kambini, nyapara aliwaandika kwenye palizi.

Ndipo mwalimu akaleta habari. Kuna shirika la hisani linalosomesha watoto wa vibarua wa mashambani. Linalipa ada, sare, vitabu na nauli. Fomu ni bure.

"Ila mama wa shirika atakuja Jumanne kuona mnavyoishi," mwalimu alisema.

Masizi akaingiwa na homa.

"Mgeni msomi atakaa wapi? Juu ya debe?"

"Debe letu lina ubaya gani?" mkewe akauliza. "Mimi nalikalia tangu unioe."

"Wewe umelizoea."

"Na wewe umenizoea mimi, ndiyo maana kochi unamkumbukia mgeni."

Jumanne, makochi mawili ya karani wa mizani yalipita katikati ya kambi juu ya vichwa vya wanaume wanne. Watoto waliyafuata wakipiga vigelegele. Redio ilitoka dukani. Pazia lilitoka kwa jirani, likatundikwa ukutani, pale ambapo dirisha lingekuwa.

Mama wa shirika akafika, viatu vimejaa vumbi. Akakaa kwenye kochi, akafungua daftari.

"Makochi haya ni yenu?"

"Yetu."

"Na redio?"

"Yetu."

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu," Masizi alisema. Akaona haitoshi. "Na matunda."

Mkewe akakohoa. Mtangazaji akatazama vidole vya miguu yake. Mgeni akaandika.

Baadaye barua ikaja. Nyumba nzima msomaji ni mmoja, na barua inamhusu yeye. Mtangazaji alisimama katikati ya chumba, akaanza kwa sauti yake ile ya redio:

"Tumeitembelea nyumba yenu. Tumeona kwamba familia ina uwezo wa kutosha. Kwa hiyo, ombi la mtoto..."

Sauti ikakatika. Akaikunja barua.

Masizi alitoka nje, akaenda mpaka kwenye pampu ya maji ya shamba. Hapo alifanya kazi mwanamke ambaye wote walimwita Shangazi Pampu. Alijifunza kusoma ukubwani, peke yake, kwenye maandishi ya mashine yake. Wafanyakazi walimchagua awe mwakilishi wao, na wenye shamba hawakumpenda hata kidogo.

Masizi akamweleza yote.

"Umemwambia mnakula matunda?"

"Nimemwambia."

"Matunda gani?"

"Hakuuliza."

Shangazi Pampu alicheka mpaka akajishika kwenye bomba. Kisha uso wake ukabadilika.

"Sikiliza, mwanangu. Marehemu baba yako alikata miwa hapa. Nilikuwepo siku tela la miwa lilipomvunja mguu, na nakumbuka mwenye shamba aliyesema akaulaze mguu huo nyumbani bila malipo. Wenye shamba wamesomesha watoto wao wote kwa miwa hiihii. Umewahi kuwaona wakiona haya? Chumba kisicho na dirisha si aibu yako. Ni aibu ya aliyekijenga."

"Lakini Shangazi, kusaidiwa si ni kuombaomba?"

"Ingekuwa haki, mshahara wako ungemsomesha mtoto. Hilo tutalidai, na mimi sijachoka. Ila miaka ya mtoto haisubiri mpaka tushinde. Nenda kaniitie Mtangazaji. Aje na barua."

Mtangazaji akaja, macho mekundu.

"Soma mpaka mwisho."

"Nimeshaisoma, Shangazi."

"Umesoma mpaka ulipolia. Mwisho uko chini."

Binti akaikunjua barua. Chini kabisa kulikuwa na maneno madogo. "Familia isiyoridhika inaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne. Rufaa haina malipo."

Wakatazama tarehe ya barua. Zilibaki siku mbili.

Masizi alikodolea macho karatasi ile. Mlango ulikuwa humo muda wote, wazi, umeandikwa kwa herufi ndogo!

"Kesho uende," Shangazi Pampu alisema. "Uende hivyohivyo na masizi yako. Useme ukweli. Na usimpe mtu kitu. Atakayekudai hata soda, njoo uniambie jina lake."

Kesho yake Masizi alisimama mbele ya meza ya mama wa shirika.

"Karibu kiti."

"Nitakichafua."

"Kinafutika, baba. Kaa."

Akakaa kwenye ukingo. "Mama, mimi nilikudanganya. Makochi ni ya karani. Redio ni ya dukani. Tunakula mara moja, siku nyingine mara mbili. Na lile pazia..."

"Nililifunua nipate hewa," mama alisema, "nikagusa ukuta."

Wakatazamana. Mama wa shirika akaanza kucheka, na Masizi naye.

"Kosa si lako peke yako," mama akasema. "Niliona ukuta, na bado sikuuliza jirani hata mmoja. Nitarudi."

Alirudi bila kutoa taarifa. Safari hii alikalia debe. Aliona chungu kimoja, na mkeka mmoja wa watu watatu. Alizungumza na majirani. Mwisho akamgeukia binti.

"Nisomee kitu."

Mtangazaji alitafuta kitabu, hakukiona. Akachuchumaa mbele ya mgeni, akasoma debe alilolikalia: "Mafuta ya kupikia. Hifadhi mahali pakavu."

Rufaa ikakubaliwa, na mwezi uliofuata Mtangazaji aliondoka kwenda sekondari na sanduku na sare mpya.

Alirudi likizo, mrefu kidogo, na jioni ya kwanza akamwita baba yake nje. Alishika jani bichi la muwa.

"Baba, sukari inatengenezwa wapi?"

"Kiwandani. Kwani unanipima?"

"Kiwanda kinaikamua tu. Inapikwa humu, ndani ya jani. Jani linachukua maji ya ardhini na hewa hii tunayovuta, linapika kwa mwanga wa jua."

"Bila moto?"

"Bila moto. Bila moshi."

Masizi akalichukua jani. Miaka ishirini na miwili majani kama yale yalimkata mikono. Aliyakanyaga, aliyatukana. Na muda wote yalikuwa yanapika juu ya kichwa chake, kimya, na hakuna aliyemwambia. Akaliinua kwenye jua la saa kumi. Likawaka kijani, mistari yake yote ikaonekana.

Jirani yake, dereva wa tela, akatokea kwenye kona.

"Masizi, naomba kichwa chako. Tukabebe makochi ya karani. Kesho mama wa shirika anakuja kwangu."

"Yaache makochi yapumzike. Debe unalo?"

"Ninalo."

"Lifute vumbi, linatosha. Akikuuliza, mweleze mnavyoishi kweli. Na barua ikija, mletee Mtangazaji aisome mpaka chini kabisa."

"Sawa. Sasa hicho unachokitazama ni nini?"

"Njoo usimame hapa."

Wanaume wawili wakasimama uani, weusi kwa masizi, vichwa juu, wakilitazama jani likipika.