Linki ya Nakeno na Macho ya Pascaline

Ndugu zangu wa Lodwar, na nyinyi majirani zetu wa Kakuma na Kalobeyei, habari hii nawasimulia nikiwa bado sijatulia. Kama una duka, na duka lako lina tovuti, weka kando unachokifanya unisikilize.

Nakeno wa Kanamkemer, hapo Lodwar, alikuwa mtu wa kuamka na furaha. Asubuhi, kabla jua halijaanza ukali wake, alifagia mbele ya duka lake la nguo, akajimiminia chai, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuandika kwenye simu, pale pa kutafutia mtandaoni: nguo za kushona Turkana. Duka lake lilitokea la pili kutoka juu. Alilitazama, akatabasamu, akanywa chai yake. Kila siku ilikuwa hivyo. Nguo zenyewe zilishonwa na Pascaline, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa na cherehani yake Kalobeyei. Nakeno alitafuta wateja, Pascaline akashona, na kwa miaka mitano hawakuwahi kukosana hata kwa kifungo cha shati.

Tovuti ilitengenezwa na Didace, fundi Mkongomani wa Kakuma. Ukurasa ambao Nakeno aliupenda kuliko zote uliitwa "Marafiki na Wateja Wetu". Humo alipanga viungo arobaini na kimoja: kanisa, shule, hoteli, na kila mradi uliowahi kuagiza hata aproni kumi. Ukibonyeza jina, unapelekwa kwenye tovuti ya mwenye jina. Kuna mtu alimwambia kwenye semina kwamba ukijipanga na wakubwa, na wewe unapanda mtandaoni. Akaamini, akaongeza, akazidi kuongeza. La kwanza kabisa lilikuwa jina la Mradi wa Macho Angavu, uliokuwa ukitibu ugonjwa wa macho wa trakoma vijijini. Chini yake aliandika yeye mwenyewe: "Hawa tunawajua. Ukiwa na shida ya macho, bonyeza hapa."

Mradi ule ukafungwa. Mnaijua miradi yetu. Wafadhili wanaondoka, magari yanaondoka, bango linabaki kando ya barabara likipigwa na vumbi miaka na miaka, na hakuna anayeling'oa kwa sababu si lake. Hivyo ndivyo Nakeno alivyokiacha kiungo kile.

Didace alimpigia simu.

"Mama Nakeno, ule mradi ya macho ilishafunga. Tutoe linki yao. Na zile zingine tukuwe tunaziangalia kila mwezi."

"Nikitoa jina kubwa hivyo, duka si itashuka?"

"Hapana, mama. Linki ya mahali mubaya ndiyo inashusha. Na anwani ya tovuti ikiachwa bila kulipiwa, mutu mwingine anaichukua."

"Nani atataka kitu ya mradi imekufa? Wacha kwanza. Tutaona mwezi ujao."

Didace alimkumbusha tena mara mbili. Mwezi ujao ukawa miezi sita. Hapa ndipo ninapomkasirikia Nakeno, ingawa ni rafiki yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa, na asubuhi zote hizo alikuwa na simu mkononi akijitazama.

Kisha sare za kwaya alizopewa Pascaline kushona hazikufika. Pascaline hakuwa mtu wa kuchelewesha kazi, na simu yake iliita bila kupokewa. Siku ya tatu Nakeno akapanda gari hadi Kakuma, akachukua pikipiki mpaka Kalobeyei.

Alimkuta Pascaline ameketi mlangoni, kitambaa cha sare kimelala magotini hakijaguswa. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba yakafumbana, na maji mazito yakimtiririka mashavuni. Nakeno alishika mwimo wa mlango.

"Ejok, dada," Pascaline alimsalimia kwa Kiturkana, akigeuza kichwa upande ambao si wenyewe. "Ni wewe? Nimejua mwendo wako. Sare sijamaliza. Uniombee msamaha kwa kwaya."

"Achana na sare. Macho imefanya nini?"

"Ilikuwa vumbi tu, inawasha. Nikaagiza dawa, ikakuja na basi mpaka Kakuma. Wamesema nitie siku saba. Ilichoma sana, lakini nikasema dawa ya kweli ndiyo inachoma."

"Uliagiza wapi?"

Pascaline alishangaa kuulizwa. "Kwa tovuti yetu, dada. Pale umeandika unawajua."

Nakeno alitoa simu, akafungua ukurasa wake, akabonyeza jina la kwanza. Mbele yake zikatokea rangi zilezile za mradi, jina lilelile, alama ileile ya jicho. Chini yake kulikuwa na chupa za dawa zinauzwa: trakoma, ukungu, upofu, yote kwa siku saba. Hapakuwa na daktari wala ofisi. Alisoma mara ya pili akidhani amekosea. Ndugu zangu, hakuwa amekosea. Aliona aibu, na aliona hofu kubwa zaidi ya aibu.

Hakusubiri. Alimpakia Pascaline kwenye pikipiki katikati yake na dereva, akamshika kiunoni mpaka hospitalini Kakuma. Mhudumu wa macho, Chepchumba, alimwosha macho kwa muda mrefu. Alipomaliza alimwita Nakeno pembeni.

"La kushoto tutaliokoa. La kulia kioo chake kimeungua. Halitaona tena."

"Yeye ni fundi wa nguo," Nakeno alisema.

"Nimesikia, mama. Pole."

Didace alifika hospitalini na kompyuta yake. Walikaa kwenye benchi la nje wakafungua viungo vyote arobaini na kimoja. Kumi na vitatu vilikuwa vimekufa, na kimoja kiliwapeleka kwenye kamari. Didace akatoa simu yake, akaandika yale maneno ambayo Nakeno aliyaandika kila asubuhi. Duka halikuwa la pili. Alishuka kurasa nne ndipo akalipata.

"Lakini kwangu iko juu," Nakeno alisema.

"Simu yako imekuzoea, mama. Inakuonyesha kile unapenda. Watu wengine wanaona hii yangu."

Nakeno alitazama mlango wa wodi.

"Futa ile ya macho," alisema.

"Nafuta. Ila kwanza uone hesabu." Didace alimgeuzia kompyuta. "Tovuti inaandika kila mutu akibonyeza linki. Tangu mradi ifunge, ukitoa mimi na wewe, hii imebonyezwa na watu themanini na watatu."

"Pascaline ni mmoja."

"Ndiyo, mama."

Nakeno alihesabu kwa vidole kama mtoto wa shule, kisha akaacha. Kesho yake alikwenda redioni Lodwar na kutangaza jina lake, jina la duka lake na alichokifanya, akiwasihi watu wamwage dawa ile na kwenda hospitali. Alitangaza wiki mbili. Walijitokeza kumi na wanne. Wengine sitini na wanane hakuna anayejua wako wapi, wala kama wanaona.

FUNZO

Ewe mwenye duka, kiungo unachoweka kwenye tovuti yako ni neno lako. Anayekibonyeza hamwamini huyo aliye ng'ambo, anakuamini wewe. Kwa hiyo usiweke jina la mtu ili likupandishe tu. Fungua viungo vyako vyote kila mwezi, ubonyeze kimoja kimoja kwa kidole chako, na kisichokupeleka ulikokusudia ukiondoe siku hiyohiyo. Usiseme mwezi ujao. Pascaline sasa anashona kwa jicho moja, polepole, uso ukiwa karibu na sindano, na Nakeno ndiye anayemtungia uzi.