Chaki ya Njano

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi, gari dogo jeupe liliingizwa kituo cha ukaguzi likivutwa kwa kamba, pua imepondeka. Jumanne lilikuwa limepewa cheti kwamba breki zake ni nzima. Jumatano likauzwa. Leo limevamia uzio wa zahanati, na chini ya cheti kile kulikuwa na muhuri wa Mama Tochi.

Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hata jua likiwa utosini hakuiacha tochi yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyachungulia magari ya watu kwa chini, kutoka shimo la ukaguzi, na hakuna hata moja lililomrudia hivi. Mkuu wa kituo alinyoosha mkono.

"Dada, nipe muhuri. Saa sita nafunga ripoti. Usipokuwa na maelezo, hutakagua tena hata baiskeli."

Mama Tochi aliukabidhi. Kazi hii ndiyo aliyoijua, tena aliipenda.

Alianza na mnunuzi, mkunga kijana aliyekaa kwenye benchi, mkono umefungwa bendeji.

"Pole, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa naingia zamu. Nakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Mbele kuna wajawazito wanavuka. Nikaona bora uzio." Akamtazama. "Nililinunua kwa sababu ya cheti chako, mama."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya mkuu.

Muuzaji, mwalimu mstaafu, aliingia kofia mkononi. Mkuu alikuwa ameshamhukumu moyoni.

"Mzee, ulipopata cheti ulitoa vipuri vizima ukarudisha vibovu, sivyo?"

"Mimi? Mimi hata tairi nabadilishiwa na mke wangu!"

Mama Tochi alizuia kicheko. "Mwalimu, nani alilileta gari hapa?"

"Dalali. Alilichukua saa tatu, akalirudisha saa saba. Nilimwambia kanyagio la breki ni laini, akasema fundi ameshamaliza."

Mama Tochi alishuka shimoni na tochi yake. Paipu ya breki ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikatoboka, na kutu ile ilikuwa ya miaka, si ya siku mbili. Alimulika upande wa ndani wa magurudumu, moja baada ya jingine. Tope kavu, gumu, la masika yaliyopita. Basi.

Alikaa kwenye ngazi ya shimo akifikiri. Kila gurudumu alilolikagua hulitia mstari wa chaki kwa ndani, asije akalirudia. Chaki nyeupe ilikwisha wiki iliyopita. Tangu Jumatatu alitumia ya njano. Hapa hapakuwa na nyeupe wala njano.

Kisha akakumbuka jambo jingine, akaona haya. Pale kituoni wana mazoea yao: mkaguzi akiwa shimoni, aliyeleta gari hufungua boneti na kumsomea kwa sauti namba ya chasi, ile iliyochongwa kwenye chuma cha gari, naye huandika. Dakika tano zinaokolewa. Siku ya Jumanne, aliyesoma alikuwa dalali.

Saa tano na dakika ishirini dalali aliyeitwa alifika, miwani ya jua usoni, akaegesha gari lake getini. Lilikuwa dogo, jeupe, la aina ileile.

"Mama Tochi, si ulilikagua mwenyewe?"

"Nililikagua, nikalitia chaki. Hili halina chaki."

"Aa, nililiosha!"

"Ukaosha chaki, ukaacha tope?"

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Dalali hakucheka.

"Lete gari lako shimoni," alisema Mama Tochi.

"Langu lina cheti, tangu mwezi wa nne!"

"Lete tu," mkuu aliamuru.

Tochi ilipita kwenye magurudumu manne. Yote yalikuwa na mstari wa njano.

"Mkuu, shuka uone. Mwezi wa nne nilikuwa natumia nyeupe. Ya njano nimeianza Jumatatu hii. Gari nililolikagua Jumanne ni hili, likiwa limevaa vibao vya namba vya gari la mwalimu."

Njia ya mwongo ni fupi. Dalali alivua miwani.

"Paipu ingechukua wiki mbili kufika," alisema kwa sauti ndogo. "Mteja alitaka gari wiki hii, ningempoteza. Nikabadilisha vibao. Namba ya chasi niliisoma kwenye kadi ya gari la mwalimu. Sikudhani mtu ataumia."

"Wajawazito walikuwa wanavuka," mkunga alimjibu.

Dalali aliinamisha kichwa. Askari aliyekuwa getini akaitwa.

"Nami nina langu," alisema Mama Tochi, uso umemwiva kwa aibu. "Namba ile niliiandika bila kuiona. Iandike kwenye ripoti, mkuu."

Mkuu aliandika yote mawili. Saa sita kasoro dakika tano alimrudishia muhuri. "Kuanzia leo hakuna kusomewa," alisema.

Mwezi uliofuata mkunga alirudi, mkono umepona, na gari jingine la kijani alilotaka kulinunua. Alifungua boneti.

"Mama, nikusomee namba?"

Mama Tochi alipanda kutoka shimoni, magoti yakilalamika.

"Hapana, mwanangu. Wewe nishikie tochi."