Maji ya Kisima Kipya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Agnela alifagia uwanja na kumpa ng'ombe majani. Hakuna aliyemsifu. Sifa zote pale nyumbani Kikatiti zilikuwa za dada yake Anande, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya kemia katika chuo kikuu cha serikali.

Mwezi huo Anande alikuja kupima maji ya visima kwa utafiti wake. Akapewa kitanda cha Agnela, akapikiwa loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Hata majirani wakibisha hodi waliita, "Mama Anande!" Kwani Agnela aliokotwa?

Jumamosi wivu ukamkaba. Mezani palikuwa na chupa ya maji ya kisima kipya cha shuleni kwao. Akayamwaga nje, akajaza maji ya mvua kutoka kwenye tangi.

"Tuone huyo msomi atajua nini," akanong'ona.

Jioni Anande alipima, akatabasamu. "Mama, kisima kipya hakina floraidi nyingi ya kuharibu meno. Kesho nitamwambia mwenyekiti watoto waanze kunywa."

"Afadhali," mama akasema, akimtazama Abdiel, kitinda mimba wake, ambaye angeanza darasa la kwanza Januari. "Huyu asije akapata meno ya kahawia kama dada zake."

Moyo wa Agnela ulishtuka. Yeye hucheka ameziba mdomo kwa kiganja, tangu wenzake walipomwita Meno Kutu. Je, Abdiel naye?

"Dada, usiende," akasema, machozi yakimlengalenga. "Yale ni maji ya mvua. Niliyabadilisha mimi."

"Kwa nini?"

"Kila kitu Anande, Anande. Mimi sionekani."

Anande alikasirika, akayamwaga yale maji. "Hata mimi waliniita Meno Kutu," akasema hatimaye. "Unadhani kemia niliipendea nini?"

Kesho yake walichota maji upya, Agnela akishika chupa. Floraidi ilikuwa imezidi mno. Kisima kikafungwa.

Mama akamketisha Agnela karibu naye. "Wivu wako ulimlenga dada yako, lakini ungemuumiza Abdiel na watoto wa watu. Ukiona umesahauliwa, sema. Usiharibu kazi ya mwenzako. Nami nilikosa, mwanangu, kwa kutokushukuru."

Mara mwenyekiti akabisha. "Hodi, Mama Anande!"

"Karibu," mama akajibu. "Mama Agnela naye yupo."

Agnela akacheka, akasahau kuziba mdomo.