Kisima Hakikanyagwi

Matonya alikuwa mchimba visima, na alijivunia kazi yake. Katika nchi ya Ugogo, mtu anayejua maji yalipo si mtu mdogo. Kisima chake kipya alikichimba kijijini kwao, karibu na Hombolo. Ilikuwa enzi za Wajerumani, reli ikisogea kutoka pwani kuja Dodoma.

Mwanzoni maji yalikuwa safi. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha watu wakawa wanashuka ndani na vibuyu vyao, miguu na matope yake. Ng'ombe nao wakashuka. Haikuchukua muda, watoto wakaanza kuhara. Mtoto wa Mazengo, jirani yake, alikonda akabaki mifupa mitupu.

"Kisima chako kina mkosi," Mazengo alimwambia. "Ukirudi kutoka kwa wakwe zako, tunakifukia."

Matonya alianza kufunga mizigo ya safari. Kisima kikifukiwa, nani atamwita tena kuchimba? Aliondoka kichwa chini, yeye na mkewe Raheli na watoto wao, kwenda kuvua samaki kwa wakwe zake huko Bahi.

Anyesi, dada yake Raheli, hakumhurumia.

"Shemeji, mbona uso umekunjamana kama ngozi iliyoanikwa juani? Ingia majini! Au wewe unayajua maji ya kisimani tu?"

Familia nzima iliingia dimbwini. Hawakutupa nyavu. Walikanyaga tu huku wakiimba, mpaka maji yakawa tope zito. Mara perege wakaja juu, midomo wazi. Watoto wakawafunika kwa vikapu, wakicheka.

"Kwa nini wanakuja juu?" Matonya aliuliza.

"Tope limewaziba pumzi," Anyesi alisema. "Sisi tukitaka kuyachafua maji, tunayakanyaga. Hata samaki mwenyewe yanamshinda."

"Na ya kunywa mnachota wapi?"

"Kule, penye ua wa miiba. Akanyage mtu pale aone! Ng'ombe wananyweshwa nje. Samadi ikiingia majini, tumbo la mtoto litakuambia."

Matonya aliduwaa. Perege akamponyoka mkononi.

"Raheli!" alipiga kelele. "Mkosi ni miguu yetu!"

"Na kitoweo chetu umekiachia," Anyesi akamtania.

Waliporudi, Mazengo alikuwa tayari ameshika jembe.

"Ndugu yangu, maji ni machafu kweli," Matonya alisema. "Lakini tulioyachafua ni sisi. Nipe mpaka mwezi uandame."

Aliyatoa maji machafu yote. Akainua ukingo wa mawe na udongo wa kichuguu, akazungusha miiba. Akachonga hori la mti kwa ajili ya ng'ombe, akaliweka mbali, upande wa mteremko. Kibuyu kimoja tu cha kutekea kilifungwa kamba, na mtekaji alisimama nje ya ukingo. Raheli naye alichemsha maji ya watoto, akapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenzake wafanye hivyo.

Kuhara kukapungua. Hata wapagazi waliopita kwenda kwenye reli waliyasifu maji yale. Mtoto wa Mazengo alianza kunenepa, akawa anakimbiza mbuzi.

Asubuhi moja Mazengo alikuja mwenyewe.

"Matonya, nichimbie na mimi, karibu na kwangu."

Moyo wa Matonya ulijaa fahari, wala hakuificha.

"Kata miiba kwanza," alisema. "Kisha lete lile jembe lako la kufukia. Tutachimba nalo."